Jinsi ya kuweka kikasha cha barua pepe wazi kila siku

Ofisi ya kuandaa safari mjini Arusha hupokea barua pepe za kila namna kwa siku moja. Familia ya Ujerumani inauliza bei ya siku sita Serengeti na Ngorongoro. Hoteli ya Karatu inakumbusha kwamba vyumba ilivyovishikilia bila malipo itaviachia Ijumaa. Mhasibu anataka nakala ya ankara, benki imetuma taarifa ya akaunti, na kati ya zote hizo yamejaa matangazo ya tiketi za ndege. Barua moja tu hapo ina saa inayokwenda, nayo ni ya hoteli. Ikizama chini ya matangazo, Jumamosi vyumba havipo, na mgeni aliyekwishaambiwa "ndiyo" itabidi aombwe radhi.

Hiyo ndiyo sababu ya kutaka kikasha kilicho wazi, yaani kisichorundikana barua: barua yenye tarehe isipate mahali pa kujificha. Nitatumia dawati la bukingi kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu pale barua pepe ndiyo kazi yenyewe, lakini mwanasheria, mwalimu mkuu au mtu anayetoa mizigo bandarini Mombasa atabadilisha majina tu. Vitufe nitakavyovitaja ni vya Gmail. Outlook ina vyake vinavyofanya karibu kazi hiyohiyo.

Barua ikitoka kikashani inakwenda wapi

Tuanzie hapa, maana hofu ya kupoteza barua ndiyo inayowafanya watu wengi waache maelfu yarundikane.

Gmail ilipofunguliwa tarehe 1 Aprili 2004 ilimpa kila mtu gigabaiti 1, wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2. Kabla ya hapo ulilazimika kufuta kila siku. Baada ya hapo watu wakaacha kufuta, lakini wengi hawakuanza kutumia kile kilichokuja pamoja na nafasi hiyo, yaani kumbukumbu na kutafuta. Barua uliyoiweka kwenye kumbukumbu (kitufe cha kisanduku chenye mshale unaoshuka) haifutiki. Inatoka kikashani, inabaki kwenye Barua zote, na ukiandika jina la mgeni kwenye sehemu ya kutafuta unaipata. Zaidi ya hayo, mtu akijibu barua hiyo, mazungumzo yote yanarudi kikashani yenyewe. Kwa hiyo barua ya mteja ambaye bado mnazungumza haihitaji kubaki mbele ya macho yako ili usiisahau.

Kufuta ni jambo jingine. Barua iliyofutwa hukaa kwenye Tupio siku 30, kisha inaondoka moja kwa moja.

Kikasha ni kama baraza ya nyumba: mgeni anapokelewa pale, lakini halali pale. Mwandishi wa Marekani Merlin Mann, ambaye hotuba yake kwa wafanyakazi wa Google mwaka 2007 ndiyo iliyoeneza wazo la kikasha sifuri, amekuwa akisisitiza kwamba sifuri hiyo haihusu idadi ya barua. Inahusu kiasi cha akili yako kinachobaki kimekwama humo. Ofisi yenye barua tano kikashani na kila moja ikijulikana inasubiri nini iko salama kuliko ofisi yenye sifuri iliyopatikana kwa kufuta ovyo.

Siku ya kwanza: shughulikia mlima uliopo

Kaa kwenye kompyuta, si simu. Usianze kusoma kutoka juu, hutamaliza.

Kwanza okoa zile zenye uhai. Chukua orodha ya wageni ambao safari zao bado hazijafika, wakiwemo waliolipa amana mapema kwa ajili ya miezi ya mbele. Tafuta kila jina na uyape mazungumzo yake lebo (jina la kundi linalokuwezesha kuyaona yote pamoja), mfano "Safari zijazo". Kazi hii inachosha lakini haina njia ya mkato, na ndiyo itakayokupa ujasiri wa hatua inayofuata.

Kisha andika kwenye sehemu ya kutafuta: in:inbox older_than:30d. Gmail italeta kila kilichomo kikashani chenye umri wa zaidi ya siku 30. Weka alama kwenye kisanduku kilicho juu ya orodha. Hapa watu wengi hukosea: alama hiyo inachagua barua zilizo kwenye ukurasa huo tu, ambazo kwa kawaida ni 50. Angalia mstari unaotokea juu ya orodha ukiuliza kama unataka kuchagua mazungumzo yote yanayolingana na utafutaji wako. Ubonyeze huo, halafu bonyeza kumbukumbu. Maelfu yataondoka kwa pamoja na hakuna hata moja itakayopotea. Zilizobaki za mwezi huu ndizo utakazozipitia moja moja.

Ukiwa bado hapo, tazama nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, nazo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Picha. Ndiyo maana mtu mwenye barua chache anaweza kujikuta amejaa kwa sababu ya picha za simu. Ikijaa, hutumi wala hupokei, na anayekuandikia anarudishiwa barua yake. Kwa biashara hilo ni balaa, maana mgeni mpya hatakupigia kukuuliza kulikoni, atamwandikia mwingine. Tafuta has:attachment larger:10M na ufute brosha za zamani na orodha za bei za misimu iliyopita. Kumbuka kumwaga Tupio baadaye, kwani vilivyomo humo bado vinahesabiwa.

Punguza zinazoingia

Kutoka kwenye orodha za matangazo kumekuwa rahisi kuliko zamani. Tangu mwaka 2024 Google na Yahoo zinawadai watumaji wakubwa, ambao kwa Google ni wale wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda akaunti za Gmail, waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na waheshimu ombi hilo ndani ya siku mbili. Kitufe hicho hutokea karibu na jina la mtumaji. Kitumie kwa shirika la ndege, duka au hoteli unayoitambua. Mtumaji usiyemjua mripoti kuwa ni taka na usiguse kiungo chochote ndani ya barua yake, hata kile kinachosema kitakuondoa.

Kwa barua unazozihitaji lakini huzisomi papo hapo, kama taarifa za benki na risiti za tiketi, tengeneza kichujio. Fungua moja, nenda kwenye vitone vitatu, chagua kuchuja barua kama hizo, kisha iambie Gmail iruke kikasha na iweke lebo, tuseme "Fedha". Mwisho wa mwezi mhasibu anafungua lebo hiyo na kukuta kila kitu.

Ushauri wangu hapa ni mkali kidogo: usichuje barua za hoteli, za kampuni za ndege ndogo za hifadhini wala za wageni. Wengine huzipangia mafolda ishirini ili kikasha kionekane safi, kisha tarehe za mwisho zinapita zikiwa ndani ya folda ambazo hakuna anayezifungua. Barua inayoweza kuwa na tarehe lazima ipite mbele ya macho ya mtu.

Ukiifungua, iamulie

Sehemu hii ndiyo kazi ya kila siku. Kanuni ni moja: barua uliyoifungua haifungwi bila uamuzi. Kuisoma, kuguna, kisha kuirudisha ikiwa "haijasomwa" kunamaanisha utaisoma tena kesho na keshokutwa, na kila mara utalipia muda uleule. Turudi kwenye barua za asubuhi yetu.

Matangazo ya ndege yanafutwa bila kufunguliwa, na ukiona yamejirudia, jiondoe.

Ombi la mhasibu ni la dakika mbili, kwa hiyo limalize sasa hivi. Ambatisha ankara, tuma, weka kumbukumbu. Kwenye mipangilio ya Gmail, sehemu ya Jumla, unaweza kuwasha kitufe kinachotuma jibu na kuweka mazungumzo kwenye kumbukumbu kwa mpigo mmoja. Hapohapo ongeza muda wa kutengua barua uliyotuma hadi sekunde 30. Sekunde hizo zitakuokoa siku utakapotuma kotesheni (hesabu ya bei ya safari) yenye jina la mgeni mwingine.

Familia ya Ujerumani inahitaji kazi halisi. Kotesheni nzuri haitoki kwa dakika mbili: kuna viingilio vya hifadhi, umri wa watoto, aina ya gari, na kuuliza nafasi hotelini. Basi fanya mambo mawili. Jibu leo kwa mistari mitatu: umepokea ombi lao, una maswali haya mawili kuhusu umri wa watoto na tarehe, na kotesheni itawafikia kesho mchana. Kisha ahirisha barua hiyo (kitufe cha saa) irudi kikashani kesho saa tatu asubuhi, wakati ambao umetenga kwa kotesheni. Jibu fupi lenye saa linamtuliza mgeni kuliko ukimya wa siku mbili unaofuatwa na kotesheni iliyopambwa.

Sasa barua ya hoteli. Vyumba vinaachiwa Ijumaa. Wengi wataiahirisha hadi Ijumaa asubuhi, na hapo watakuwa wamechelewa, kwa sababu Ijumaa huwezi kumfuata mgeni aliye nje, kusubiri amana yake ipite benki na kuthibitisha hoteli kabla ofisi hazijafungwa. Iahirishe irudi Jumatano asubuhi. Andika pia tarehe hiyo kwenye kalenda ya ofisi, siyo yako pekee, kwa maneno kamili: jina la mgeni, hoteli, idadi ya vyumba, "vinaachiwa Ijumaa". Jumatano utamwandikia mgeni. Akilipa, thibitisha. Akisita, omba hoteli ikuongezee siku, na ombi la Jumatano lina nafasi kubwa kuliko la Ijumaa jioni.

Aina ya mwisho ni barua ulizozituma wewe na unazisubiria jibu. Hizi ndizo husahaulika kuliko zote, kwa kuwa hazionekani kikashani kabisa. Umeuliza hoteli kama ina chumba cha watu watatu, haijajibu, nawe umeshahamia mambo mengine. Ukishatuma swali la namna hiyo, fungua mazungumzo na uyaahirishe siku mbili mbele. Wakijibu mapema, yatarudi yenyewe. Wasipojibu, yatarudi siku hiyo kukukumbusha kupiga simu.

Jambo dogo linalosaidia sana ni kichwa cha barua. "Habari" au "Safari" havisemi kitu mtu anapotafuta mwezi wa nane. Anza kila mazungumzo ya mgeni kwa jina la ukoo, idadi ya watu na tarehe ya kufika, kisha usikiguse tena kichwa hicho, maana ukikibadilisha katikati Gmail inafungua mazungumzo mapya na historia inakatika vipande viwili. Na mgeni akianza kuulizia safari ya pili ndani ya barua za safari ya kwanza, mjibu kwa barua mpya yenye kichwa chake.

Saa za kufungua

Mwaka 2015 watafiti Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 124. Wiki moja watu hao walitakiwa kuangalia barua pepe mara tatu tu kwa siku, na wiki nyingine waangalie kadiri walivyotaka. Wiki ya mara tatu walikuwa na msongo mdogo wa mawazo.

Kwa ofisi ya Arusha mara tatu zinakaa vizuri na saa za dunia. Saa mbili asubuhi unakuta barua za Wamarekani walioandika usiku wetu. Saa saba mchana Ulaya imeshaamka na kufanya kazi nusu siku. Saa kumi jioni ni saa tatu asubuhi New York wakati wa kiangazi chao, na saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo jibu lako linamkuta mtu ndio kwanza anakaa kwenye meza yake na huenda akakujibu kabla hujafunga ofisi. Kati ya saa hizo funga ukurasa wa barua na uzime milio yake kwenye simu.

Utaratibu huu unafanya kazi kwa sharti moja: kila mtu ajue kwamba jambo la dharura haliletwi kwa barua pepe. Gari likiharibika Ndutu, dereva anapiga simu. Mgeni akikosa ndege ya kuunganisha, awe na namba ya WhatsApp ya ofisi, na namba hiyo iwe kwenye vocha yake. Ukishaweka hilo sawa, hofu ya "je, kama kuna kitu?" inapungua, na ndiyo hasa inayomfanya mtu afungue kikasha kila baada ya dakika kumi.

Simu, bando na umeme

Simu itumie kupepeta tu: futa, weka kumbukumbu, ahirisha. Kwenye mipangilio ya programu ya Gmail chagua kutelezesha kidole upande mmoja kuwe kumbukumbu na upande wa pili kuwe kuahirisha, na foleni ya benki itatosha kupepeta barua za asubuhi. Kotesheni na mambo ya pesa yasubiri kompyuta, ambako unaona anwani nzima ya mtumaji.

Kwa Android, hakikisha viambatisho vinapakuliwa vyenyewe kwenye Wi-Fi pekee, la sivyo brosha moja ya hoteli itakula bando lako bila kukuuliza. Kwenye kompyuta, ukitumia Chrome, washa Gmail ya nje ya mtandao na uchague kuhifadhi siku 30 au 90. Intaneti ikikatika utaendelea kusoma na kuandika majibu, nayo yataondoka mtandao ukirudi.

Barua inayosema akaunti ya benki imebadilika

Hii sitaiweka kwenye kundi lolote la hapo juu. Ikija barua, hata ikitoka kwa hoteli mnayofanya nayo kazi miaka yote, hata ikiwa ndani ya mazungumzo mliyoyaanza wenyewe, ikisema malipo yatumwe akaunti mpya, hakuna kulipa kwa barua hiyo. Wezi huingia kwenye akaunti ya barua pepe ya upande mmoja, husoma kimya kimya, kisha huandika siku ankara inapotoka. Pigia hoteli kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyo ndani ya barua, na uongee na mtu unayemjua sauti. Mgeni naye aambiwe tangu kotesheni ya kwanza kwamba akaunti yenu haibadilishwi kwa barua pepe.

Ijumaa mchana

Tenga nusu saa. Fungua orodha ya barua ulizoahirisha uone wiki ijayo inaleta nini. Fungua folda ya taka na uipitie kweli, kwa sababu maombi ya kwanza ya wageni wapya mara nyingi huangukia humo, na baada ya siku 30 yanafutwa. Ukikuta moja, iondoe kwenye taka, na Gmail itajifunza.

Kisha tafuta neno passport pamoja na has:attachment. Kila mgeni hukutumia nakala ya pasipoti, na nakala hizo hubaki kwenye barua za safari zilizokwisha zamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka usikae na taarifa za mtu kupita haja iliyokufanya uzichukue. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Safari ikiisha na hakuna dai lolote, futa nakala hizo na umwage Tupio. Ankara na risiti usizifute kwa mkumbo huo: sheria za kodi za nchi hizi mbili zinataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5.

Kama dawati lina watu wawili au zaidi, msigawane nywila moja. Gmail inakuruhusu kumkaribisha mwenzako aingie kwenye akaunti ya ofisi kwa akaunti yake mwenyewe, na akiondoka kazini unamtoa bila kubadilisha chochote kingine. Kila mmoja awe na lebo yenye jina lake, na anayefungua barua ya mgeni mpya aiwekee lebo yake kabla ya kuandika neno la kwanza, ili mgeni mmoja asipokee bei mbili kutoka ofisi moja. Anayekwenda likizo akae na mwenzake siku moja kabla, wapitie pamoja kila barua aliyoahirisha, na kila tarehe ya kuachia vyumba ihamie kwenye lebo ya anayebaki.